Injini Ileile, Bei Tofauti: Gari la Kwanza la Kununua Dar

Mwaka 2018 nilinunua Toyota IST ya kijivu kupitia dalali mmoja wa Kinondoni. Dashibodi ilisoma kilomita 78,000, rangi inang'aa, viti bado vina nailoni. Mwezi wa nne fundi akafungua eaklina (kichujio cha hewa) aisafishe, akaniita: "Kaka, njoo uone." Pembeni kwenye bodi kulikuwa na kistika cha Kijapani, kile wanachobandika wakibadilisha oil. Maandishi yake siyasomi, ila namba nazisoma. Juu 27, yaani mwaka wa 27 wa Heisei, ambao kwetu ni 2015. Chini yake 142,350. Kumbe gari lilipovuka bahari lilirudi ujana.

Gari lenyewe halikunisumbua sana. Kilichoniuma ni kwamba nililipa bei ya kilomita 78,000. Tangu siku hiyo, ndugu na marafiki wakitaka kununua gari huniburuta yadi niwe jicho la pili, na nimegundua kitu: Dar tunanunua jina na namba. Gari lenyewe linakuja mwisho.

Chukua namba. Dalali hatakwambia gari ni la mwaka 2004, atakwambia "bosi, hii namba D", na bei inapanda hapohapo. Lakini herufi ya kwanza baada ya zile tarakimu tatu inaonyesha gari lilisajiliwa lini Tanzania. Lilitengenezwa lini, haisemi. IST ya 2004 iliyoshuka bandarini 2021 ina namba D sawa na ya 2012 iliyoshuka nayo meli moja. Mwaka wa kutengenezwa umeandikwa kwenye kadi ya gari. Omba kadi kabla hujaanza kusifia rangi.

Na jina je? Kuna injini moja ya Toyota inaitwa 1NZ-FE, cc 1496, ya VVT-i (mfumo unaorekebisha muda wa vali kufunguka), inayotumia cheni ya taimingi badala ya mkanda. Kila fundi wa chini ya mwembe anaijua, na spea zake kwenye maduka ya Gerezani unachagua kama nyanya. Injini hiyo imo kwenye IST ya cc 1500, imo kwenye Raum, Spacio, Fielder, Premio na Allion za 1.5, Probox na Sienta. Moyo ni uleule, bei zinapishana kwa mamilioni. Mpangilio wangu umeanzia hapo.

Ya kwanza: Raum (na Spacio kama familia ni kubwa)

Najua utacheka. Raum haina sura. Ila ile ya pili, ya 2003 hadi 2011, ina milango ya nyuma ya kuteleza pembeni, na upande wa kushoto haina nguzo katikati: ukifungua milango yote miwili unaweza kumwingiza bibi anayeumwa magoti bila kumkunja, au friji ndogo. Nafasi ya miguu nyuma inaishinda IST mbali. Kwa sababu vijana hawaitaki na madereva wa teksi za mtandaoni wanakimbilia IST, mara nyingi unaipata kwa bei ya chini ikiwa katika hali nzuri zaidi. Kagua mlango wa umeme kama upo: ukigoma, unageuka mlango wa kusukuma kwa bega. Na ukubali mapema kwamba siku ya kuiuza utasubiri. Spacio ina siti za safu tatu, ile ya mwisho ya watoto. Hakikisha ni ya 1.5, maana ya 1.8 ina injini ya 1ZZ-FE, na zile za mwanzo zina sifa ya kula oil.

Ya pili: Premio au Allion, 1.5 tu

Ukitaka gari la kwendea harusini na ofisini bila kujieleza, ni hii. Ya 2001 hadi 2007 yenye injini ya 1.5 ina gia boksi ya kawaida ya automatiki, inayovumilia mafundi wetu. Toleo lililofuata ni zuri zaidi kwa macho lakini nyingi zina CVT (automatiki isiyo na hatua za gia), na CVT ikimiminiwa ATF, oil ya gia boksi za kawaida, na fundi asiyesoma maandishi, umeshanunua gia boksi nyingine. Premio ya 2.0 ya toleo la zamani iache, sababu ziko mbele.

Ya tatu: IST

Nimeipenda, nimeitumia miaka minne, na bado naiweka ya tatu. Kwenye foleni ya Mandela yangu, ya cc 1300, ilinipa kama kilomita 11 kwa lita, safari ya Morogoro ikafika 16. Spea kila kona. Kuiuza ni suala la siku chache, na hilo ndilo linaloibeba: kama unajua utahitaji hela yako ndani ya mwaka, nunua IST, usinisikilize. Lakini bei yake imebeba umaarufu. Nyingi sokoni zimefanya kazi ya teksi za mtandaoni mchana na usiku, zikaoshwa, zikavalishwa viti vipya. Tazama pedali ya breki na usukani: raba ya pedali ikiwa imelika hadi chuma kinachungulia huku dashibodi ikisoma 80,000, funga mlango uondoke. Vioo vyake vya pembeni navyo wezi wanavipenda kuliko wewe.

Ya nne: Passo na Vitz za cc 1000

Injini ya pistoni tatu, cc 996 (kwa Vitz, toleo la kuanzia 2005). Inatetemeka ikiwa sailensa, yaani imewashwa bila kukanyagwa mafuta, usishtuke, ndivyo ilivyo. Kwa mtu wa Mbezi hadi Posta peke yake haina mpinzani wa mafuta. Ukipakia watu wanne, ukawasha AC na kupanda mlima wa Kitonga, utamjua Mungu. Faida yake nyingine iko kwenye kodi, nitaigusa.

Ya tano: Nissan X-Trail na Subaru Forester

Wanaozipenda watanirushia mawe. Ni magari mazuri yanayotaka mwenye pesa ya matunzo. Forester nyingi za zamani, zile za injini ya EJ, zinatumia mkanda wa taimingi unaopaswa kubadilishwa karibu kila kilomita 100,000, na ukikatika injini inaumia. X-Trail ya 2007 kuja huku nyingi zina CVT. Kama hela yako yote imeishia kwenye kununua, gari hizi zitakupaki nyumbani.

Usiguse: chochote chenye D4 kama ni gari lako la kwanza

Hapa nazungumzia injini ya 1AZ-FSE ya cc 2000, iliyomo kwenye Noah za 2001 hadi 2007, RAV4 za kipindi hicho na Premio za 2.0. Mafuta yanaingizwa moja kwa moja ndani ya silinda kwa presha kubwa, hivyo pampu na nozeli zake haziwezi mafuta machafu, na masizi yanajaa kwenye njia ya hewa. Baya zaidi, nati za silinda hedi zina tabia ya kuachia kwenye bloku, gari likaanza kuchemsha. Ukiona Noah nzuri kwa bei ya huruma, fungua boneti usome kifuniko. Ikiwa imeandikwa D-4, umeshajua huruma imetoka wapi.

Gari jipya kabisa la dukani, lenye garantii, ni jema kwa kampuni na kwa mwenye nafasi. Kwa mshahara wa kawaida, pengo la thamani la miaka ya mwanzo ni zawadi unayompa atakayelinunua baada yako.

Uagize au ununue hapahapa?

Kuagiza Japani kuna faida moja kubwa: karatasi ya mnada, yaani ripoti ya ukaguzi wa gari kule linakonadiwa. Daraja 4 au 4.5 ni gari safi, 3.5 lina mikwaruzo ya maisha, R maana yake liliwahi kugongwa likatengenezwa. Kwenye ule mchoro wa gari, A ni mkwaruzo, U ni bonyezo, W ni sehemu iliyonyooshwa, XX ni sehemu iliyobadilishwa, S ni kutu. Muuzaji akikataa kukuonyesha karatasi hiyo, chagua mwingine. Uliza pia lilikotoka, maana mikoa ya theluji humwagia chumvi barabarani na kutu hula chini ambako picha haifiki.

Kinachowashtua wengi ni kodi. Ushuru wa forodha ni asilimia 25. Ushuru wa bidhaa hufuata injini: cc 1000 kushuka chini hakuna, juu ya hapo hadi 2000 ni asilimia 5, zaidi ya 2000 ni 10. Halafu ushuru wa uchakavu: miaka 8 hadi 10 tangu kutengenezwa asilimia 15, zaidi ya 10 asilimia 30. Juu ya yote VAT ya 18. Kila moja inakaa juu ya mwenzake, kwa hiyo Raum yenye thamani ya milioni 5 inakaribia kodi ya milioni 5, kabla ya tozo ndogondogo na gharama za bandari. Gari la cc 1500 lenye miaka 7 kwa thamani hiyohiyo lingelipa kama milioni 2.7. Na thamani inayotumika ni ya TRA, mamlaka ya mapato, siyo ya risiti yako. Fungua kikokotoo chao mtandaoni kabla hujatuma hata dola, maana bajeti ya kila Juni inaweza kugeuza viwango. Kenya wao walimaliza ubishi: gari la zaidi ya miaka 8 haliingii.

Hesabu ikikushinda, nunua lililopo. Tafuta la mtu binafsi, hata kwa jirani au kazini, uepuke cha juu cha dalali.

Siku ya kulitazama

Nenda asubuhi, na mwambie muuzaji asiliwashe. Ukifika shika boneti. Ikiwa ya moto, ameshaficha kitu, rudi kesho. Injini ya baridi haina adabu, inasema yote: mlio wa cheni sekunde za mwanzo, moshi wa bluu wa oil inayoungua, moshi mweupe mzito usiokoma wa maji. Fungua kifuniko cha oil. Ukikuta ute wa rangi ya chai ya maziwa, maji na oil vimekutana, kwaheri.

Kanyaga breki, hamisha gia kutoka N kwenda D, kisha R. Subiri kila mara. Kishindo au kuchelewa ni gia boksi inaomba msaada. Endesha kwenye njia ya mashimo, redio imezimwa, dirisha wazi. Kelele za bushi na shokapu ni za kupunguzia bei tu, siyo za kukimbia. Pitisha sumaku ya friji kwenye bodi. Isiposhika, chini ya rangi kuna puti. Angalia boliti za bawaba za boneti kama rangi imechubuka. Vuta mkanda wa siti hadi mwisho: ukitoka na tope, gari limewahi kulala kwenye maji, na Dar yenye mafuriko yake ya Jangwani magari hayo yapo. Tairi zina tarakimu nne za tarehe. 2319 ni wiki ya 23 ya 2019.

Lipa fundi wako mwenyewe, siyo "fundi aliyepo hapa karibu".

Makaratasi

Namba ya chesisi kwenye kadi ilingane na iliyogongwa kwenye chuma. Kadi "iko benki" maana yake gari ni dhamana ya mkopo wa mtu. Faini za trafiki unaziangalia kwenye mfumo wa polisi, madeni ya maegesho kwa TARURA (wakala wa barabara za mijini na vijijini), uhai wa bima kwenye mfumo wa TIRA (mamlaka ya bima), vyote kwa simu ukiwa umesimama hapohapo. Mkataba mbele ya wakili, hela kupitia benki, na uhamisho wa umiliki TRA ufanyike mara moja. Rafiki yangu aliahirisha. Muuzaji akafariki, akabaki anawabembeleza warithi watano.

Ukishalileta nyumbani

Usimalize hela yote kwenye kununua. Bakiza ya sevisi ya kwanza: oil ya injini na chujio, plagi, oil ya gia boksi iliyo sahihi, brekipedi. Mimi hubadilisha oil kila kilomita 5,000, 5W-30, na nimeshagombana na mafundi wanaotaka kunimiminia ile nzito ya 40 "kwa sababu gari ni la zamani". VVT-i inafanya kazi kwa presha ya oil hiyohiyo kupitia vitundu vyembamba, nzito na chafu inaichelewesha. Kwenye rejeta weka kulanti. Maji ya bomba huleta kutu, na kutu huleta kuchemsha.

Ile IST ya kijivu niliiuza 2022. Mnunuzi alikuja na fundi wake, mzee mmoja mkimya. Hakuuliza kitu, alifungua boneti, akasogeza eaklina, akainama pembeni. Akasimama anacheka. Tulishuka laki nane.