Kulinganisha nukuu za fani tofauti: wastani au asilimia?

Kamati ya kupandisha vyeo katika chuo kikuu chochote cha Nairobi isilinganishe mwanahisabati na mtafiti wa baiolojia ya seli kwa idadi ghafi ya nukuu, yaani mara ambazo kazi zao zimetajwa na watafiti wengine. Baiolojia hutaja kazi nyingi za karibuni. Hisabati hutaja chache, tena polepole.

Njia ya kwanza ni kugawa nukuu za makala kwa wastani wa makala za fani hiyo, mwaka huo na aina hiyo. Nukuu 12 penye wastani wa 4 ni 3. Nukuu 30 penye wastani wa 20 ni 1.5 tu. Mwaka 2008 watafiti Filippo Radicchi, Santo Fortunato na Claudio Castellano walionyesha kwamba baada ya kugawa hivyo, mikunjo ya mgawanyo wa nukuu ya fani mbalimbali hukaribia kulaliana. Lakini wastani huyumbishwa na makala moja. Tisa zikiwa na nukuu 2 kila moja na ya kumi 82, wastani ni 10, na zile tisa zote hupata 0.2.

Njia ya pili, ya asilimia, hupanga makala za fani moja kwa nafasi: makala imeshinda asilimia ngapi ya nyingine? Iliyo kileleni hubaki hapo iwe na nukuu 82 au 8,000. Kwa mtafiti mwenye makala chache, hii ni salama zaidi. Kasoro yake ni sare: fani yenye makala nyingi zisizo na nukuu hata moja huzirundika pamoja, kwa hiyo zipewe zote nafasi ya katikati ya kundi.

Kitabu cha isimu ya Kiswahili kisichoorodheshwa kwenye hifadhidata za nukuu hakiokolewi na njia yoyote. Hicho lazima kisomwe.