qqman kwa data za maharage: nzuri, ila mstari mwekundu uubadilishe

Kama unafanya GWAS (kupima alama nyingi za DNA uone zipi zinahusiana na sifa fulani) na kompyuta yako ni ya kawaida, qqman itakufaa. Ni kifurushi cha R, lugha ya programu ya takwimu, kilichoandikwa na Stephen Turner, cha bure, na ukishakiweka hakikuombi mega za intaneti tena. Hapa Bukavu hiyo peke yake ni sifa. Mimi nakitumia kuchora matokeo ya maharage yanayopanda vijiti, tunakotafuta sehemu za jenomu zinazohusiana na ugonjwa wa kuoza mizizi.

Amri kuu ni manhattan(): inachora kila alama ya DNA kama nukta, na ushahidi ukiwa mkubwa nukta inapanda juu. Inataka safu nne, yaani CHR (kromosomu), BP (mahali kwenye kromosomu), P (thamani ya p; ikiwa ndogo, ushahidi ni mkubwa) na SNP (jina la alama). Safu ya CHR lazima iwe namba tupu, vinginevyo inagoma. Kromosomu 11 za maharage kwenye faili zetu zinaitwa Pv01 hadi Pv11, kwa hiyo, d ikiwa ni jedwali la data, naanza na as.numeric(sub("Pv", "", d$CHR)), kisha narudisha majina kwenye mhimili kwa chrlabs. Dakika mbili, kazi imekwisha.

Sasa mistari. Bila kuambiwa lolote, inachora wa bluu kwenye p ya 1e-5 (yaani 0.00001) na mwekundu kwenye 5e-8. Huo mwekundu ni wa binadamu: ni 0.05 iliyogawanywa kwa majaribio kama milioni moja yanayojitegemea. Sisi tuna alama kama 20,000 tu. Gawanya mwenyewe: 0.05 kwa 20,000 ni 2.5e-6, ambayo kwenye grafu, inayotumia -log10 ya p, ni karibu 5.6, si 7.3 ya mstari mwekundu. Ukiuacha ulivyo, nukta nzuri zinabaki chini ya mstari na profesa anakuambia hujapata kitu. Andika genomewideline = -log10(0.05/nrow(d)), na wa bluu uuzime kwa suggestiveline = FALSE. Mimi sioni faida yake.

Ndugu yake, qq(), inayolinganisha thamani za p ulizopata na zile zinazotarajiwa kwa bahati tu, wengi wanairuka. Wasiiruke. Maharage yana koo mbili kubwa, ya Andes na ya Amerika ya Kati, na mbegu za mashambani kwetu zinachanganya zote mbili. Usiporekebisha undugu huo kwenye modeli ya takwimu iliyotoa thamani hizo za p, nukta zinaachana na mstari wa mshazari tangu chini kabisa. Ukiona hivyo, usihangaike kupamba grafu ya kwanza. Rudi kwenye modeli.

Rangi zake za kijivu zinachosha macho, lakini col inazibadilisha. annotatePval inaandika jina la alama ya juu kabisa kwa kila kromosomu, ikiwa imevuka kikomo cha p ulichoweka, na inatosha.

Kwenye kuchapisha, achana na PDF. Inahifadhi kila nukta peke yake, faili inakuwa nzito, mashine ya fotokopi inaganda na foleni nzima inakugeukia. Tumia png() yenye upana (width) wa 2400, kimo (height) cha 1200 na res = 300. Inatoka safi hata kwa wino uliochoka.