Jeni kwenye neva: mafuta au virusi?
Jana barazani Ngamiani mdogo wangu, anayesoma baiolojia, aliniuliza kipi bora kwa kuingiza jeni kwenye seli za neva: vitone vya mafuta au virusi. Shida ni kwamba neva zilizokomaa hazigawanyiki. Vitone vya lipidi (mafuta) vilivyobeba jeni huvuka utando wa seli, lakini DNA hiyo haifiki kirahisi kwenye kiini cha seli isiyogawanyika. Ukitumia jeni ya yavuyavu inayofanya seli imete kijani (ndiyo, jamaa wa huyu anayetuwasha baharini) utaona neva chache tu zikimeta, na nyingine zimekufa. Lentivirusi vya maabara, vilivyotokana na VVU na kunyang'anywa uwezo wa kuzaliana, hupenya hadi kiini na kupachika jeni humo. Mzigo wa jeni usizidi takriban jozi 8,000 za besi (herufi za DNA). Kuvitengeneza huchukua siku kadhaa, lakini ningevichagua. Ila ukitaka kuchora matawi ya neva moja, rudi kwenye mafuta: kwa virusi sahani ya seli ikimeta yote, matawi hufumana kama wavu wa dagaa.