Mota ya trekta ya nyasi imechoka: ununue nini kwanza?

Nazungumzia trekta za umeme za zamani, hasa Elec-Trak, ambazo General Electric ilizitoa Marekani kuanzia mwaka 1969 na ambazo hadi leo zina wapenzi wake. Betri sita za volti 6 hutoa volti 36, na kwa volti ndogo namna hiyo ampea zinazopita ni nyingi. Kichwa cha betri kilichoota kutu kinatosha kuifanya mota nzima ionekane mbovu. Kabla hujatoa hela, pima volti zinazofika kwenye mota ikiwa na mzigo. Zikishuka mno kuliko za betri, huenda kosa liko njiani, si kwenye mota. Safisha viungo na nyaya.

Volti zikiwa sawa, nunua kaboni, yaani vile vipande vinavyosugua komuteta (sehemu ya shaba inayozunguka ndani ya mota) na kuipelekea umeme. Ndizo rahisi kuliko vyote, na ndizo zilizowekwa pale ili zilike. Nenda dukani na ya zamani mkononi, linganisha vipimo, kisha uliza kama ina shaba ndani. Hapa ndipo wengi hupigwa: kaboni ya drili ya volti 230 unaweza kuichonga ikakaa vizuri kabisa, lakini haikutengenezwa kubeba ampea nyingi kwa volti chache, kwa hiyo itachemka na kuharibu komuteta. Kaboni mpya zikalishe kwa msasa wa kawaida hadi zifuate umbo la komuteta, puliza vumbi lote, na ile rangi ya kahawia iliyo kwenye komuteta usiihangaikie. Ni dalili ya afya.

Nafasi ya pili naipa beringi, hasa za mota za visu. Kila kisu kina mota yake, imetazama chini kwenye nyasi mbichi. Soma namba ya beringi ya zamani. Yenye 2RS mwishoni ina vizibo vya mpira pande zote mbili, chukua hiyo. ZZ ina vifuniko vya bati tu na maji hupenya. Ukiitoa, usigonge mwili wa mota kwa nyundo: ndani kuna sumaku za kauri zilizogundishwa, na kauri hupasuka.

Tatu ni kusuka upya nyaya za koili za mota. Mota ya kuendeshea, inayozungusha magurudumu, inastahili. Ya kisu, mara nyingi haistahili gharama ya fundi.

Mota ya mtumba ni ya nne. Izungushe kwa mkono, tikisa shafti, inuse. Ikinuka vanishi iliyoungua, mrudishie mwenyewe.

Mwisho kabisa ni mota mpya ya aina nyingine. Kwa kisu, hakikisha shafti, mashimo ya bolti na upande inakozungukia vinalingana. Kwa kuendeshea kuna mtego: Elec-Trak huongeza mwendo kwa kupunguza umeme unaokwenda kwenye koili za mwili wa mota. Mota ya sumaku za kudumu haina koili hizo, hivyo utalazimika kununua na kontrola yake (kifaa cha kudhibiti mwendo), na pengine kuvuta nyaya upya.