Uzoefu wangu: ziara ya migombani Marangu, na kwa nini uipange siku ya soko

Ziara za vihambani (mashamba ya nyumbani ya Wachaga) huko Marangu, kwenye mteremko wa Kilimanjaro, huuzwa kwa jina la kahawa na maporomoko ya maji, migomba ikionekana kama pambo tu la njiani. Kwa anayetaka kuelewa uchumi wa pale, mambo yamekaa kinyume. Kahawa ndiyo iliyozaa KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa Kilimanjaro, mwaka 1933 na kusomesha watoto wengi, lakini chakula cha nyumbani, malisho ya ng'ombe na fedha ya kila wiki hutoka kwenye mgomba. Ziara ya nusu siku niliyolipia naipa nyota nne kati ya tano.

Shambani ni pazuri kweli. Kihamba mara nyingi hakizidi ekari mbili, lakini kimepangwa kwa ghorofa: juu miti ya kivuli kama miringaringa na miruka, kisha migomba, halafu kahawa, na chini kabisa magimbi. Mwongozaji anayejua kazi atakusimamisha kwenye shina moja akuonyeshe mama, binti na mjukuu: mama amebeba mkungu, binti anafika kifuani, mjukuu ndiyo kwanza anachomoza. Machipukizi mengine hung'olewa. Yakiachwa yote yanagombania maji na mbolea, na mikungu inadumaa.

Mwambie pia akuonyeshe chipukizi la kupanda. Linalofaa lina majani membamba kama sime. Lenye majani mapana mapema halina tunguu (kitako cha mgomba kilicho ardhini) la maana. Kabla ya kupandwa huchongwa mizizi yote na ganda la nje la tunguu, maana fukusi (wadudu wanaotoboa tunguu) na minyoo ya mizizi husafiri humo kwenda shamba jipya. Shimo ni sentimita 60 kila upande (sehemu kavu hufika 90), nafasi mita 3 kwa 3, na samadi iliyooza debe moja au mawili. Vihambani nafasi huwa pana zaidi kwa sababu ya kahawa.

Tulipita mgomba ulioanguka na mkungu wake mchanga, mwongozaji akasema ni upepo. Upepo humalizia tu. Ukiukuta mgomba umeng'oka na mizizi yake ikiwa myeusi na mifupi, ni minyoo. Ukiwa umekatikia kwenye tunguu lenye matundu, ni fukusi. Dawa ya bei nafuu ni kipande cha shina la mgomba kilichopasuliwa katikati na kulazwa kifudifudi karibu na shina: fukusi hujificha chini yake, asubuhi unawaokota na kuwaua. Kwenye migomba ya kisukari, ndizi tamu ndogo, angalia majani yanayogeuka manjano kuanzia ukingoni, yakavunjika na kuning'inia. Huo ni mnyauko wa Panama, na kuvu wake hukaa udongoni miaka mingi sana. Hapa nina lawama: hakuna aliyetuambia tuoshe viatu kati ya shamba na shamba, wakati tope la kwenye soli linatosha kuuhamisha ugonjwa. Beba brashi yako.

Chakula hakina ubishi. Mtori wa mshare, ndizi ya kupika, ulikuwa mzito unavyotakiwa, na mbege, pombe ya ndizi ya Wachaga, ilielezwa vizuri: ndizi mbivu huchemshwa, huachwa zichachuke, huchujwa, kisha huchanganywa na uji wa kimea cha ulezi, huku gome la msesewe likitia uchungu.

Nyota niliyoikata ni kwa sababu ziara inaishia kwenye kibuyu cha mbege, na hesabu ya ndizi iko sokoni. Mizani huioni. Mikungu hupangwa chini juu ya majani makavu, na mnunuzi hupitisha kidole gumba kwenye pembe za ndizi: pembe zikiwa kali, bado changa, zikianza kuwa butu, imekomaa. Kisha anaangalia unene wa vidole, na mkungu wa chane sita zilizonona unaweza kuupita bei ule wa chane nane zilizokonda. Muuzaji, ambaye kwa kawaida ni mama, hana nguvu kubwa ya kukaza bei, kwa kuwa ndizi ikishakatwa haisubiri, na kuirudisha mlimani ni mzigo. Dalali analijua hilo. Naye ana hasara zake: safari ya Dar es Salaam inazidi kilomita 500, mikungu ikiwa imelundikwa kwenye Fuso, na kila palipochubuka pataonekana peusi itakapofika. Nyingine huvuka mpaka wa Holili kwenda Kenya. Tofauti na Ecuador, inayoongoza duniani kwa kuuza ndizi nje, za Tanzania karibu zote huliwa hapahapa Afrika Mashariki. Ndiyo maana bei hufuata mvua: mikungu ikija kwa wingi inashuka, kiangazi inapanda, na mwenye zamu ya maji ya mfongo, yaani mfereji wa asili wa kumwagilia, ndiye anayefaidi.

Jambo moja waongozaji hawaligusi: kila mkungu unaoshuka mlimani unaondoka na potashi, kirutubisho muhimu cha mgomba, ya kihamba. Kinachobaki, yaani shina na majani, hukatwakatwa na kupewa ng'ombe wa zizini, na samadi hurudi shinani. Nyumba inayouza sana bila ng'ombe huchosha udongo wake polepole.

Kwa anayekwenda: kutoka Moshi daladala hufika Marangu Mtoni, na huko uliza siku ya soko kabla ya kulipia chochote. Anza shambani mapema, kisha shuka sokoni kabla malori hayajajaa. Uliza pia kama mwenye kihamba analipwa ndani ya bei yako au anategemea bahasha. Machi hadi Mei njia huteleza, vaa buti. Ukinunua mkungu wa kupeleka nyumbani, chukua ambao pembe zake bado zinashikika kidogo, ufunge kwa majani makavu, na usiulaze chini ya mizigo mingine.