Tairi za pikipiki ya zamani hapa Dodoma: lipi ununue, lipi uliache dukani

Mwenye Boxer au TVS hana kazi kubwa. Tairi la rimu 17 lipo karibu kila duka la spea, na kwa wingi wa bodaboda mzigo haukai. Shida anaipata mwenye Honda CG125 ya rimu 18, au ile Yamaha DT125 ya mabwana shamba yenye 21 mbele na 18 nyuma. Wateja wa saizi hizo ni wachache, kwa hiyo tairi linaweza kuning'inia mlangoni juani kiangazi hadi kiangazi. Ndiyo maana mimi kabla ya kuuliza kampuni nauliza umri.

Umri umeandikwa ubavuni. Tafuta tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu, mara nyingi mwishoni mwa mstari unaoanza na DOT. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ukikuta tarakimu tatu tu, hilo ni la kabla ya mwaka 2000, mrudishie mwenyewe. Likizidi miaka mitatu naomba punguzo, likizidi mitano naliacha hata kama kashata zote, yaani meno ya tairi, zimesimama. Muuzaji atakwambia, "Bosi, hili halijagusa barabara." Ni kweli, lakini mpira hukauka hata ukiwa umetundikwa. Likunje kwa mikono miwili, kisha tazama chini kabisa ya mifereji, katikati ya kashata. Nyufa za kuzeeka huanzia pale na ubavuni, na vumbi jekundu la dukani huzificha vizuri, kwa hiyo pangusa kwanza.

Saizi usiisome kwenye tairi linalotoka, maana mwenye pikipiki kabla yako huenda alifunga alilolikuta. Soma kitabu au kibandiko cha pikipiki. 3.00-18 ni upana wa inchi 3 kwa rimu ya inchi 18. Likikosekana, 90/90-18 huwa linakaa, ila zungusha gurudumu uone kama haligusi mnyororo wala madigadi. Tazama pia namba ya mzigo: 47 ni kilo 175, 50 ni kilo 190, 52 ni kilo 200. Anayebeba magunia kutoka mnadani asishuke chini ya ile iliyotoka kiwandani.

Sasa chaguo langu. La kwanza ni tairi la kashata za wastani, lenye 6PR (nguvu ya tabaka sita za nyuzi), la toleo la karibuni. Lami ya kwenda Kondoa au Mtera halina tatizo nayo, na ukichepuka kuelekea vijijini kwenye kokoto na mchanga bado linashika. MRF na CEAT za India, Vee Rubber ya Thailand, Kenda ya Taiwan: kati ya hizo sigombani na mtu, nachukua lenye tarehe mpya zaidi.

La pili ni la kashata za lami, kwa anayeishia Area C, mjini na Ihumwa. Linakwenda kimya na halichakai haraka, lakini kwenye mchanga gurudumu la mbele linateleza.

La tatu, kashata kubwa. Mvua zikianza Desemba na udongo wa mbuga ukalainika, mwenye shamba atalishukuru. Kwenye lami linanguruma na kuisha upesi. Nyuma ya DT naliona sawa.

La nne ni jipya la bei ya chini lisilojulikana, la 4PR. Hela ikibana, lifunge nyuma, uende peke yako bila mshikaki. Mbele hapana: pancha ya ghafla mbele ndiyo inayomwangusha mtu.

Mtumba na yale yaliyochongwa upya kashata kwa kisu siyapangi kabisa. Kisu kikizidi kidogo kinafika kwenye nyuzi.

Bado kuna tyubu. Rimu ya spoku inataka tyubu hata kama tairi limeandikwa TL (lisilohitaji tyubu), na tairi jipya lipate tyubu mpya ya saizi yake. Mwambie fundi asugue kutu ndani ya rimu na afunge ukanda wa mpira juu ya vichwa vya spoku. Kwenye pikipiki kuukuu pancha nyingi zinazosingiziwa mbigili na miba ya migunga hutokea hapo. Mshale wa ubavuni uelekee gurudumu linakozungukia. Upepo upimwe kwa geji asubuhi tairi likiwa la baridi, si kwa kubonyeza kidole: Boxer kwa kawaida ni psi 25 mbele, 28 nyuma, na 32 nyuma ukiwa na abiria.

Hela ikitosha tairi moja tu na yote mawili yamekuwa vipara, nunua la mbele, na la nyuma lisubiri huku ukiacha abiria na magunia.