Kitabu cha mtumba, kurasa za mwisho hazimo

Nina hasira na sizifichi. Juzijuzi nilinunua riwaya ya The Catcher in the Rye ya J.D. Salinger kwa muuza vitabu vya mtumba, kando ya barabara kule Posta. Nimekisoma nimesimama kwenye mwendokasi, asubuhi na jioni, hadi pale Phoebe, mtoto wa miaka 10, anapotokea makumbusho akiburuta sanduku, kofia nyekundu ya kaka yake kichwani, anataka kutoroka naye. Nageuza ukurasa, nakuta jalada! Zilizobaki zimenyofolewa.

Nikamrudia muuzaji. Hata kichwa hakuinua. "Dada, huu mtumba. Ulitaka kizima ungeenda dukani." Pole tu imemshinda!

Na Holden mwenyewe, huyo kaka yake Phoebe anayesimulia kitabu, alikuwa ameshanichosha. Ana miaka 16, kafeli masomo manne, kafukuzwa shule, anazurura New York kwa hela za bibi yake, na kwake karibu kila mtu ni mnafiki. Wakati huohuo kwenye treni anamdanganya mama wa mwanafunzi mwenzake kuanzia jina mpaka ugonjwa. Mtoto wa kishua anadeka, basi. Nyota moja ingemtosha.

Nikaanza upya kwa ubishi tu, nimkamate vizuri. Nikakwama kwenye glavu. Allie, mdogo wake, alifariki kwa saratani ya damu akiwa na miaka 11. Glavu yake ya besiboli aliijaza mashairi kwa wino wa kijani, apate cha kusoma uwanjani mchezo ukipoa. Usiku aliofariki, Holden alilala gereji akavunja vioo vyote kwa ngumi. Wazazi wakawaza kumpeleka kwa daktari wa akili. Mazishini hakufika, alikuwa hospitali kwa mkono uleule.

Hakumzika mdogo wake! Sentensi hiyo niliipita mara ya kwanza kama haipo. Hakuna aliyemkalisha mkekani akalia naye. Sasa huko kuzurura usiku kucha, kuuliza madereva teksi bata wa bustanini wanakwenda wapi ziwa likiganda, mimi naona ni matanga anayoyakaa peke yake. Nimeifuta ile nyota moja. Ingawa uongo wa kwenye treni bado unaniudhi.

Mwisho nimeusoma kwenye nakala ya rafiki. Holden yuko kwenye benchi, mvua inamlowesha chapachapa, anamtazama Phoebe akizunguka juu ya farasi wa bembea, na kwa furaha anakaribia kulia. Hapo ndipo paliponyofolewa. Yule kaka wa Posta sijamsamehe.